Neno la siri: mlinzi mwema ni yule asiyelijua

Ndugu msomaji, kila aliyepata kushika zamu ya usiku katika kambi ya jeshi analijua jambo hili. Giza likiingia, mkuu wa zamu huwapa walinzi neno moja la kupitia. Atokeaye gizani husimamishwa na kuulizwa neno hilo. Akilitaja sawasawa hupita, na asipolitaja hubaki chini ya mtutu wa bunduki mpaka ajulikane ni nani. Utaratibu huu ni wa kale, nao umeokoa roho za watu wengi. Hata hivyo una kasoro moja ambayo kila mwanafunzi wa uofisa hufundishwa mapema: mlinzi mwenyewe analijua neno. Akitekwa, akilewa, au akiwa na ulimi mwepesi, kambi nzima imekwisha kufunguka. Ndiyo sababu neno la zamu hubadilishwa mara kwa mara, na jipya hutolewa kwa wachache.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kwamba ndani yake imo orodha ya majina ya watumiaji, na kandokando ya kila jina limeandikwa neno lake la siri, ili mtu ajapo mashine itazame orodha na kulinganisha. Jambo lililotokea Gitega ndilo lililonifanya niulize, na jibu nililopewa lilinishangaza. Kompyuta iliyotengenezwa vizuri ni mlinzi wa aina nyingine kabisa: humtambua alijuaye neno, ilhali yeye mwenyewe halijui.

Yaliyotokea Gitega

Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwaka 2019, shughuli za ofisi zimeongezeka mjini humo, na pamoja nazo kompyuta juu ya meza. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, makarani wanne walikuwa wakitumia mashine moja, kwa jina moja la mtumiaji na kwa neno moja la siri. Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa katika kikaratasi kilichowekwa chini ya kibodi, ili asije mtu akalisahau.

Asubuhi moja iligundulika kwamba katika orodha ya malipo ya vibarua majina matatu yalikuwa yamefutwa na mengine matatu yakatiwa mahali pake. Mashine ilikuwa imeandika saa ya mabadiliko hayo, na ilikuwa imeandika pia jina la mtumiaji aliyeyafanya. Lakini jina hilo lilikuwa la wote wanne. Shaka ikamwangukia karani mdogo kuliko wote, binti ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka kazini, kwa sababu tu yeye ndiye aliyechelewa kutoka jioni ile. Hakupatikana wa kumshitaki kwa ushahidi, na hakupatikana wa kumsafisha. Alihamishiwa chumba kingine, na maneno ya watu yakamfuata huko.

Mambo haya niliyasikia kwa mkuu wa ofisi hiyo mwenyewe, nilipofika kwake kwa shughuli ya kikazi. Alisema kwa uchungu: "Afande, mashine ilikuwa na neno la siri. Sisi tulidhani tumejikinga."

Siku hiyo alikuwapo pia fundi wa kompyuta. Nilimwuliza kama hawezi kufungua mashine akasoma ndani yake maneno ya siri ya watu, ili angalau siku nyingine ijulikane nani anatumia lipi.

"Siwezi, afande," akajibu. "Hayamo."

Siri iliyochapishwa mbele ya wote

Ili tulielewe jibu la fundi yule, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 60. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu iiamrishayo mashine: ndiyo igawayo kazi, itunzayo majalada, na iamuayo nani aingie na nani abaki nje. CTSS iliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, mashine ikimhudumia kila mmoja kwa vipande vidogo vya sekunde. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watu walikuwa wengi, ilibidi kila mmoja apewe chumba chake na ufunguo wake, na ufunguo uliochaguliwa ukawa neno la siri.

Mfumo huo uliyaweka maneno yote ya siri katika jalada moja, yakiwa wazi kama yalivyoandikwa. Haukupita muda mrefu kabla ya madhara kuonekana. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyekuwa akitaka saa nyingi za mashine kuliko alizogawiwa, aliiamuru mashine ichapishe jalada hilo, nayo ikatii. Baadaye, katikati ya miaka hiyo ya 1960, likatokea jambo kubwa zaidi. Jalada la salamu za siku, lile ambalo kila mtumiaji huonyeshwa aingiapo, lilibadilishana nafasi na jalada la maneno ya siri, kwa sababu programu ya kuhariri iliyapa majalada yote mawili jina moja la muda. Kila aliyeingia akachapishiwa, badala ya salamu, orodha nzima ya siri za wenzake.

Hapo mtu hakuvunja mlango, wala mwizi hakutumia hila. Kosa lilikuwa kwamba siri ilikuwapo mahali ambapo haikuhitaji kuwapo. Kitu kilichowekwa huweza kuibwa, huweza kuanguka, na huweza kuonyeshwa kwa bahati mbaya. Ikawabidi wataalamu wajiulize: je, yawezekana mashine ikamtambua mtu pasipo kuihifadhi siri yake?

Kinu kisichorudisha nafaka

Jibu lilitoka katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Roger Needham alibuni njia ambayo Maurice Wilkes, aliyekuwa akiongoza kazi ya kompyuta chuoni hapo, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1968. Msingi wa njia hiyo ni hesabu iendayo upande mmoja tu.

Tuchukue mfano wa mkulima apelekaye mtama kinuni. Nafaka huingia juu, unga hutoka chini. Mtama uleule ukisagwa katika kinu kilekile hutoa unga uleule, lakini hayupo fundi duniani awezaye kuuchukua ule unga na kuurudisha uwe punje zilizotoka shambani. Kinu cha kompyuta ni cha hesabu, nacho kina ukali kuliko cha mtama: ukibadilisha herufi moja tu ya neno, unga utokao huwa tofauti kabisa, wala haufanani hata kidogo na ule wa kwanza. Unga huo mafundi huuita heshi. Sisi tuuite alama.

Basi siku unapochagua neno lako la siri, mfumo hulisaga, huiweka alama, na neno lenyewe haliandiki popote. Kesho yake unapokuja na kuliandika neno, mfumo haulitafuti katika orodha, kwa kuwa orodha hiyo haipo. Husaga ulichoandika, kisha hulinganisha alama na alama. Zikilingana, mlango hufunguka. Kwa hiyo fundi wa Gitega alisema kweli. Msimamizi wa mfumo aweza kukupa neno jipya ukisahau lako, lakini la zamani hawezi kukusomea, kwa kuwa halimo.

Hapa, ndugu msomaji, pana kipimo chepesi ambacho kila mtu aweza kukitumia. Ukisahau neno lako mahali popote, na wenyeji wa mahali hapo wakakuletea lile lile la zamani, ujue kwamba mlinzi wao anatembea na siri yako mfukoni. Kampuni ya RockYou ya Marekani ilifanya hivyo, na mwezi wa Desemba 2009 ikaibiwa zaidi ya maneno ya siri milioni 32, yote yakiwa wazi kama siku yalipoandikwa. Lililotumiwa na watu wengi kuliko yote, karibu watu 290,000, lilikuwa 123456.

Faida ya chumvi

Kinu peke yake hakikutosha. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kujenga mfumo wa Unix, ambao mifumo mingi ya leo imeurithi. Mwaka 1979 Thompson na mwenzake Robert Morris walichapisha taarifa fupi juu ya yale waliyojifunza kuhusu maneno ya siri, nayo inasomwa na wanafunzi wa kazi hii hata leo.

Kinu chao cha kwanza kiliiga kazi ya M-209, mashine ya kuficha maandishi iliyotumiwa na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Kilifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo kosa lilipokuwa: kilikuwa chepesi. Mwizi aliyezipata alama hakuhitaji kuzirudisha nyuma. Alihitaji kukisia tu. Alichukua kamusi, akasaga neno la kwanza, akalinganisha. Akasaga la pili, akalinganisha. Na kinu kikiwa chepesi aliimaliza kamusi nzima kwa muda mfupi. Kwa hiyo wakakifanya kinu kiwe kizito kwa makusudi, wakitumia hesabu iitwayo DES na kuirudia mara 25. Mtumiaji mwaminifu asagaye neno moja hakuona tofauti. Mwizi asagaye maelfu aliiona.

Kisha wakaongeza chumvi, na hilo ndilo jina litumiwalo na mafundi mpaka leo. Kabla ya kusaga, mfumo humpa kila mtu namba yake ya kubahatisha na kuichanganya na neno lake. Katika Unix ya wakati ule namba hiyo ilikuwa moja kati ya 4,096. Matokeo yake ni kwamba watu wawili waliochagua neno moja hupata alama mbili tofauti. Chumvi yenyewe si siri. Huandikwa wazi kando ya alama. Kazi yake ni kumnyima mwizi kazi ya jumla: hawezi tena kusaga kamusi mara moja nyumbani kwake, akaiweka ghalani, kisha akailinganisha na watu wote. Yambidi aanze upya kwa kila mtu.

Lakini Morris na Thompson walijua kwamba upungufu mkubwa haumo katika kinu. Walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji, wakayachunguza. Walikuta 15 yenye herufi au alama moja tu, 72 yenye mbili, 464 yenye tatu, na 477 yenye herufi au tarakimu nne. Maneno 706 yalikuwa ya herufi tano, zote ndogo au zote kubwa, na 605 ya herufi sita ndogo. Mengine 492 yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Jumla yake ni 2,831, yaani asilimia 86 ya maneno yote. Hata kinu kiwe kizito namna gani, mtu aliyeleta punje moja atakisiwa.

Jalada la kivuli

Katika Unix ya zamani alama hizo ziliwekwa katika jalada liitwalo passwd, ambalo kila mtumiaji aliruhusiwa kulisoma, kwa kuwa ndani yake mlikuwa pia majina ya watu yaliyohitajiwa na programu nyingine. Wenyeji hawakuona hatari, wakisema kwamba unga si nafaka.

Tarehe 2 Novemba 1988 waliiona hatari hiyo. Programu moja ilianza kujisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta katika mtandao wa Marekani, ikalemaza maelfu ya mashine. Miongoni mwa njia zake ilikuwa kulisoma jalada lile la wazi na kukisia: ilijaribu jina la mtumiaji mwenyewe, kisha jina hilo likiwa limegeuzwa nyuma mbele, kisha orodha fupi ya maneno 432 iliyobebwa ndani yake. Silaha hiyo ndogo ilitosha kufungua milango mingi. Aliyeitengeneza alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, mtoto wa Robert Morris yule yule aliyekwisha kuionya dunia mwaka 1979.

Tangu hapo desturi ya kuziondoa alama katika jalada la wazi ilienea. Katika Linux ya leo ziko katika jalada la pili liitwalo shadow, maana yake kivuli, ambalo msimamizi mkuu wa mfumo peke yake ndiye awezaye kulisoma. Hivyo ulinzi ukawa wa safu mbili: mwizi hana budi kwanza aingie mahali pasipo ruhusa, na akiisha kuingia akute unga badala ya nafaka. Askari wataielewa hesabu hiyo. Hakuna kamanda anayejenga handaki moja tu, kisha akalala.

Windows nayo ilipita njia yake yenye mawaa. Huziweka alama za watumiaji wa mashine katika hifadhi iitwayo SAM, ambayo mfumo huifunga wakati mashine inafanya kazi. Lakini kwa miaka mingi ilibeba pia alama ya aina ya zamani, iliyozigeuza herufi zote kuwa kubwa na kulikata neno vipande viwili vya herufi saba saba. Neno la herufi 14 likawa maneno mawili mafupi, na kila kimoja kikakisiwa peke yake. Kuanzia Windows Vista, iliyouzwa kwa watu wote mwaka 2007, alama hiyo haihifadhiwi tena isipokuwa mtu akiiamuru. Iliyobaki ni bora, ila nayo haitiwi chumvi, na kinu chake ni chepesi.

Mbio za kinu na mwizi

Wepesi huo unagharimu kiasi gani? Kadi moja yenye nguvu ya kuchora picha katika kompyuta, kama zile zinunuliwazo na wachezaji wa michezo, yaweza leo kujaribu alama hizo za Windows zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde moja. Maneno yote yawezekanayo ya herufi nane ndogo ni bilioni 208 na ushei. Kwa hiyo neno la herufi nane ndogo, ambalo wengi wetu tunaliona refu, halimalizi hata sekunde tatu mbele ya mwizi mwenye alama mkononi.

Wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walitoa kinu kiitwacho bcrypt, ambacho uzito wake huweza kuongezwa kadiri mashine za wezi zinavyozidi nguvu. Mwaka 2015 kinu kiitwacho Argon2 kilishinda shindano la kimataifa la wataalamu; hicho humlazimisha mwizi atumie kumbukumbu nyingi za mashine, si mwendo peke yake. Tuseme kinu kimefanywa kizito hata kadi ile yetu ikaweza kujaribu maneno 1,000 tu kwa sekunde: kazi iliyomalizwa kwa sekunde tatu itachukua zaidi ya miaka sita.

Msomaji ataniuliza, mbona namba ya siri ya simu ina tarakimu nne tu, nayo inalinda fedha? Namba za tarakimu nne ni 10,000 kwa jumla, nazo zingekwisha kwa kufumba na kufumbua. Kinachozilinda ni mlinzi ahesabuye: ukikosea mara chache, hufunga mlango. Hesabu hiyo hufaa maadamu mwizi anabisha mlangoni. Haifai kitu akiwa amekwisha kulichukua jalada la alama na kwenda nalo nyumbani, ambako hapana wa kumhesabia.

Tena ijulikane kwamba neno la kuingilia haliyafichi majalada yaliyo ndani ya diski. Diski ikichomolewa na kutiwa katika mashine nyingine, barua na orodha zote husomeka bila kuulizwa neno lolote, isipokuwa diski nzima iwe imefungwa kwa maandishi ya siri. Ofisi zihamapo, mashine nazo huhama. Na mashine chakavu huuzwa au hutupwa. Kompyuta kuukuu iliyoachwa uani ni kabati la majalada lililoachwa uani.

Daftari la Muyinga

Tumeona jinsi mashine inavyojizuia isiijue siri. Safari moja ya Muyinga ilinionyesha upande wa pili, yaani upande wetu sisi watu.

Muyinga ni mji wa njia. Barabara ya Kobero huko ndiko yatokako malori ya Tanzania yenye mizigo ya bandari ya Dar es Salaam, na Kiswahili husikika sokoni na vituoni siku nzima. Katika duka moja la kuchapa barua na kutoa fotokopi, vijana hufika kuandika maombi ya kazi na kufunguliwa anwani za barua pepe. Mwenye duka ni mzee mpole, na watu wanampenda. Juu ya meza yake palikuwa na daftari la shule lenye mistari mitatu kwa kila mteja: jina, namba ya simu, na neno la siri.

Nikamwuliza, "Mzee, na daftari hili likipotea?"

Akacheka. "Afande, nani ataiba karatasi? Wateja wenyewe ndio wanaoniomba niwaandikie. Wakirudi baada ya mwezi wamekwisha kusahau, na barua ya kuitwa kazini imo humo ndani."

Hakuwa mwizi mzee yule. Alikuwa akiwasaidia watu. Lakini katika ukurasa mmoja tu alionionyesha, nikiwa nimefunika majina kwa mkono, niliona majina ya watoto, majina ya timu za mpira na miaka ya kuzaliwa. Na mwenyewe aliniambia kwamba wengi hutumia neno hilo hilo kila mahali. Kazi ya wataalamu wa zaidi ya miaka 60, pamoja na vinu na chumvi na vivuli, ilikuwa imetanguliwa na kalamu moja ya wino. Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata. Na hapa kata lilikuwa limelala wazi juu ya meza.

Tulizungumza kwa muda. Sikumwambia aache kuwasaidia watu. Nilimshauri kila mteja aandike neno lake mwenyewe katika kikaratasi chake, aende nacho nyumbani, akiweke pale awekapo kitambulisho na hati ya shamba. Kuliandika neno la siri si kosa likiwekwa mahali pema. Kosa ni kuyakusanya maneno ya watu wote mahali pamoja, mbele ya macho ya wapita njia. Nikamwomba pia kwamba mashine ya duka ikiuliza kama ilihifadhi neno la mteja, jibu liwe hapana, kwa kuwa ajaye baada yake atakuta mlango wazi.

Yatupasayo

Mambo ya kufanya si mengi, wala hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, neno liwe refu. Maneno manne au matano ya kawaida yasiyohusiana, ambayo mtu ameyachagua kwa kubahatisha na kuyaunganisha, humshinda mwizi kuliko neno fupi lililopambwa kwa tarakimu mwishoni, tena hukumbukika kwa urahisi. Lisiwe methali, wala wimbo, wala jina la mtoto, kwa kuwa wezi nao huzijua methali.

Pili, neno la mahali pamoja lisitumike mahali pengine. Likiibwa kwa mlinzi mzembe, litapelekwa kujaribiwa kwa mlinzi mwema, naye atafungua, kwa kuwa hana njia ya kujua kwamba aliyelileta siye mwenyewe.

Tatu, wakuu wa ofisi wasiwalazimishe watumishi kubadilisha neno kila mwezi pasipo sababu. Sisi wa jeshini hubadilisha neno la zamu kwa kuwa mlinzi analijua. Mashine iliyo njema hailijui. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiacha kanuni hiyo mwaka 2017, ikashauri neno libadilishwe panapokuwa na dalili kwamba limeibwa. Mtu alazimishwaye kila mwezi huongeza tarakimu moja mwishoni, kisha huandika kikaratasi.

Nne, na hili ndilo la Gitega, kila mtumishi awe na jina lake na neno lake, hata kama mashine ni moja. Kuwatengenezea watu wanne majina manne katika kompyuta ni kazi ya dakika chache, na mfumo wa uendeshaji umeumbwa kwa kazi hiyo tangu siku za CTSS. Tumezoea kuliona neno la siri kuwa ni kufuli ya kumzuia mwizi. Lakini neno la siri ni shahidi pia. Lisipokuwa la mtu mmoja, halimzuii mwenye hatia, wala halimtetei asiye na hatia.

Nilipita tena katika ofisi ile. Kibodi ilikuwa palepale, na chini yake hapakuwa na kikaratasi. Makarani wanne walikuwa na majina manne, na mkuu wa ofisi aliniambia kwamba hata yeye halijui neno la yeyote kati yao. Binti yule alikuwa bado katika chumba chake cha pili, akiandika. Aliyeyafuta majina yale matatu hajajulikana mpaka leo, na kwa namna mambo yalivyokuwa siku ile, hatajulikana kamwe.